Msitu Ambao Hukuutaja

Gazi, 9 Machi 1965

Kaka yangu Chirau,

Assalamu alaikum huko kwenye theluji. Huku mvua bado, na mbuzi wa mama amezaa mapacha.

Barua yako nilimsomea baba hospitalini Msambweni. Alijikata mguu kwa shoka akikata boriti kwenye mikoko, kidonda kikaleta pepopunda. Alisikiliza yote uliyofundishwa: misitu ya misonobari yenye majani kama sindano, ile inayopukutisha majani baridi ikikaribia, na ile ya mvua isiyokauka mwaka mzima. Kisha akaniuliza, "Na wetu hakuutaja?"

"Hakuutaja, baba."

Akasema kwa shida, maana taya zilikuwa zimeanza kukaza, "Mwandikie. Uko msitu wa maji ya chumvi. Mizizi ya mti wa mchu hutoka matopeni ikaelekea juu kutafuta pumzi. Mbegu ya mkoko huchipua ingali juu ya mama yake. Walimu wake wauhesabu na huo."

Hayo ndiyo maneno yake marefu ya mwisho. Alifariki Ijumaa, tukamzika alasiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Aliniusia nikwambie usirudi kabla ya mtihani wako, na wasia nimeufikisha. Lakini mama hajatamka neno tangu siku ile. Chakula nampa kwa mkono wangu, kama mtoto. Baba alisema usije. Mimi nakuomba uje.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanarusi