Jackton Otiende, Mrushaji Aliyerudi Uwanjani

Mwaka umezunguka, Jackton, tangu alasiri ile ya mvua ya mawe tulipokupoteza hapa Sosiot. Mpaka leo ngurumo ikianza tukiwa mezani, kila mtu anaangalia sahani yake.

Ulizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, Kericho, mtoto wa Jairus wa kiwandani na Dorcus mchuma chai. Mkono wako wa kulia ulijulikana mapema. Uliangusha maparachichi ya watu kwa mawe, na wenyewe wakija kushtaki, unawarudishia yale yale ukiomba msamaha. Shule ya upili ndipo mwalimu mgeni kutoka Japani alipokufundisha besiboli, mchezo ambao kwetu hakuna aliyeujua. Alikupa mpira mdogo, mgumu kama jiwe, akakuambia uurushe mtu mwenye gongo asiweze kuugonga. Haukupita muda mrefu ukawa mrushaji wa kulipwa huko kwao, kwenye timu ya mji mdogo wenye theluji nyingi.

Hukutusahau. Uliwajengea Baba na Mama nyumba hapa Sosiot. Kila Jumapili ulipiga simu, ukaanza na goti la Baba, ukamaliza na ng'ombe, kila mmoja kwa jina lake. Wachezaji wenzako uliwapikia ugali, wakala kwa heshima tu.

Mama hakuupenda mchezo huo. Aliutazama kwenye simu ya Molly, mke wako, huku amejifunika macho kwa vidole. "Huyo mtu wa gongo yuko karibu sana na wewe," alikuambia. "Kwani huwezi kurusha ukiwa mbali?" Ulicheka mpaka ukakohoa.

Kisha ikaja siku ile. Ulirusha, mpigaji akaugonga mpira, ukarudi moja kwa moja ukakupata juu ya sikio. Tulikuona ukianguka. Hapo hapo picha ikakwama. Mama alibaki ameshika simu, wewe umelala pale kwenye kioo, husogei, na hatukujua kama ni mtandao uliokatika au ni wewe. Molly akapanda mbio kuelekea barabarani kutafuta mtandao. Mama alimfuata bila viatu, akiita jina lako kwa sauti iliyowafanya majirani waache kuchuma chai. Jioni ndipo ulipopiga mwenyewe, sauti imekuwa nyembamba.

"Mama, niko. Si unanisikia nikiongea?"

Ulikuja nyumbani kupona. Mama akakuambia, "Usirudi huko, nyathina, mwanangu. Nilikuzaa mara moja tu." Ukamjibu polepole kwamba ukifunga macho unauona ule mpira ukija, na ukiacha sasa utauona mpaka uzee. Ukarudi.

Siku uliyorudi uwanjani kurusha, Mama alikaa jikoni, akakataa kuangalia.

"Amesimama?"

"Amesimama, Mama," Molly akamjibu kutoka sebuleni.

"Na sasa?"

"Bado amesimama."

Walienda hivyo mchezo mzima. Mlishinda, lakini Mama hakuuliza nani ameshinda.

Ulicheza misimu mingine mizuri mpaka bega likachoka, ndipo ukarudi nyumbani kabisa. Ukiwa na rafiki yako mwalimu Kipkosgei, ukaanzisha timu ya vijana kwenye uwanja wa shule. Mama akapumua. Hofu yake yote alikuwa ameiweka kwenye ule mpira. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kuogopa mawingu.

Alasiri ile ya mvua ya mawe yalifunga ghafla. Ukapiga filimbi: "Kila mtu kwa darasa!" Vijana walikimbia. Wakonyo, msichana uliyekuwa ukimfundisha kurusha, alibaki katikati ya uwanja, amechuchumaa, ameziba masikio. Kipkosgei alikushika jezi.

"Ngoja ipite, Jack!"

"Siwezi kumwacha pale. Niachilie."

Ulimfikia, ukamleta mpaka mlangoni, ukamsukuma ndani. Wewe ulikuwa bado nje radi ilipopiga.

Wakonyo hakuja mazishini. Alituogopa. Na sisi, tuseme ukweli, tulimwogopa yeye. Mama hakutaka hata kusikia jina lake, akihofia kitakachotoka mdomoni mwake mwenyewe siku wakikutana.

Mwezi wa nne baada ya mazishi, Wakonyo alikuja. Alisimama kwenye geti na mama yake, Waringa, wakashindwa kuingia.

"Mama Jackton," Waringa akasema, "mkituambia turudi, tutarudi tu."

Mama alitoka mlangoni. Sisi tuliokuwa ndani tulishikana, hatujui atafanya nini. Alitembea hadi getini, akamtazama msichana kwa muda.

"Alikuambia nini?" Mama akauliza.

Msichana akajibu, "Nilimwambia siwezi, Kocha, naogopa. Akasema, 'Hata mimi. Shika mkono, tukimbie tukiogopa hivyo hivyo.'"

"Ulimshika na mkono gani?"

Wakonyo akanyoosha mkono wa kushoto. Mama aliuchukua kwa mikono yake miwili, akauweka shavuni, akafunga macho. Walikaa hivyo mpaka manyunyu yakaanza, na hakuna aliyewaita ndani.

Ibada ya kukukumbuka itakuwa Jumamosi hii nyumbani, Sosiot. Tutaanza asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda. Baada ya maombi vijana wako watacheza, na Wakonyo ndiye atakayerusha. Majirani na marafiki wote mnakaribishwa.

Unakumbukwa na baba yako Jairus, mama yako Dorcus, mkeo Molly, binti yako Apiyo, rafiki yako Kipkosgei, na vijana wote wa timu.

Tukiwa hai, Jackton, hatutakusahau.