Koti Lenye Bandi

Kwako kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, kifua kisikusumbue na baridi ya huko. Sisi tunamshukuru Mungu. Mama hajambo kwa mwili, moyo ndio bado. Jana tena aliandaa sahani ya Baba, akaitazama mpaka chakula kikapoa, kisha akanisukumia mimi kana kwamba ndiyo ilikuwa nia yake toka mwanzo. Mpiga pasi wetu, Mzee Mvuke, anakusalimu sana. Anasema goti limemgomea lakini pasi bado inamtii.

Kaka, siku nilipokupigia kukupa habari ya msiba ulisema wewe Baba alishakukatia siku nyingi, basi tumzike sisi. Kabla ya kuagana ukaniomba, kwa sauti ndogo, nikuandikie alivyoishi miaka hii saba ambayo hukumwona wala kumsikia. Barua hii nimeianza mara nne nikaichana. Leo naimaliza, liwalo na liwe.

Baba hakubadilika. Duka lilifunguliwa mara tu akitoka kuswali alfajiri, na mkasi haukugusa kitambaa cha mtu kabla ya Bismillahi. Kama alikuwa na pini mdomoni alizitoa zote kwanza, akazichomeka kwenye kijimto chake, ndipo akasema, maana Mungu hasemeshwi na mdomo uliojaa. Sisi wengine alitusemesha na pini zake hivyo hivyo, na aliyesikia vibaya shauri yake.

Saa ya sala ikifika, mteja aliachwa pale pale aliposimama. Mwaka juzi bwana harusi mmoja aliachwa mbele ya kioo na mkono mmoja wa koti, wa pili uko mezani, na mashahidi wake wanamcheka mlangoni. Jina la Fundi Subiri likazidi kumganda. Lakini wateja hawakuhama, kwa sababu inshallah ya Baba ilikuwa na tarehe. Akisema Alhamisi inshallah, Alhamisi nguo iko kwenye hanga imenyooshwa. Inshallah ya mafundi wengine wa mtaa huu unaijua mwenyewe.

Nyumbani vilevile. Kabla hajavua viatu alimuuliza Mama ni nani amemuudhi leo ili amshughulikie, na wakati huo humu ndani tumebaki mimi na paka. Hakutia tonge kinywani mpaka wote tukae. Na akimaliza kuswali aliinua mikono akatuombea mmoja mmoja kwa sauti, wewe kwanza, halafu Mama, halafu mimi. Mimi nilikuwa wa tatu, kaka, kila siku. Nilikuwa nahesabu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichane karatasi.

Unaikumbuka siku uliyompigia Baba. Ulikuwa umetimiza mwaka tangu uondoke kwa maneno makali, kwamba hutaki kuzeeka umeinamia cherehani. Ulimwambia shikamoo, simu ikakatika. Ukanipigia mimi huku nyuma ninakoshonea vifungo, ukanituma nikamuulize kama amekukatia. Nikaenda. Nilimkuta kwenye meza ya kukatia, pini mdomoni, nikamuuliza kama nilivyotumwa, kwamba kaka anauliza kama umemkatia. Uso wake ukachangamka kwa namna ambayo sikuielewa. Akasema kwa pembe ya mdomo, mwambie nimeshamkatia. Nami nikakwambia vivyo hivyo, na wewe hukupiga tena.

Mpaka hapo lilikuwa kosa la masikio tu. Nilimuuliza fundi nguo kama amemkatia mtu, akanijibu kifundi. Siku tatu baadaye nilikuta mezani koti zito la kijivu, limeshapigwa bandi, zile nyuzi nyeupe za kushikiza kwa muda, na ndani ya kola ameandika kwa chaki: mwanangu. Nikamuuliza ni la nani. Akanishangaa. Akasema si wewe mwenyewe uliyeuliza? Kumbe wewe, kaka, uliikumbuka ahadi yake ya koti la baridi, kumbe huna kinyongo, basi tukungoje uje upime. Kuhusu simu, alisema ilizima chaji, na kwamba kifaa kile hakina adabu.

Nilielewa pale pale, kaka, nimesimama na chano cha vifungo mkononi. Ningekupigia dakika ile, yangekwisha kwa kicheko. Nikajiambia kesho. Kesho yake Baba aliniita, akaniwekea mkasi mkubwa kiganjani, akasema nianze kujifunza kukata, niishike meza mpaka mwenyewe arudi. Miaka yote nilikuwa napinda mapindo na kukaza vifungo huku meza ile inakungoja wewe usiyeitaka. Nilipoushika mkasi sikutaka mwenyewe arudi. Nilifurahi. Sina neno zuri la kulifunika jambo hilo.

Koti lilikaa kwenye hanga nyuma ya mlango miaka sita. Kila Ijumaa alilitoa, akalipiga brashi, na nyuzi za bandi zilizolegea akazipiga upya. Mwaka wa tatu alilifumua ubavuni akaongeza inchi moja, akisema mwanamume akipita thelathini hunenepa, hata akiwa mkaidi. Nilimwambia alimalizie tu tulitume kwa posta. Alikataa. Sheria yake umekua ukiisikia: nguo ya mtu haimaliziwi mwenyewe hajasimama mbele ya kioo. Na mimi niliyekuwa nikiutazama ule uzi mweupe kila nikiingia, nilizoea. Mtu huzoea hata jiwe kwenye kiatu, kaka, usimwamini anayekwambia dhamira hailali.

Wiki yake ya mwisho, kitandani, aliniuliza kama ni kweli nilikufikishia ujumbe. Nikamwambia nilikufikishia, neno kwa neno. Ilikuwa kweli tupu, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule. Akapumua, akasema basi utakuja, wewe si mtu wa kuiacha nguo kwa fundi.

Na kuna hili, ambalo sikulijua mpaka baada ya maziko. Mzee Mvuke alinisimulia kama kichekesho, ili anipunguzie huzuni. Siku ile ya simu alikuwa karibu, anapasha pasi. Anasema Baba hakujua kuwa simu imezima. Alisimama nayo sikioni akaitikia, marahaba mwanangu, akangoja, akaitikia tena kwa sauti zaidi, marahaba, kisha akamgeukia yeye na kumuuliza mbona mtoto hasemi.

Sikuombi radhi kwa karatasi. Koti lipo, na bandi zake zipo. Sijalimalizia na sitalimalizia, maana sheria ya Baba naijua. Njoo upimwe, hata kama baada ya hapo hutanisemesha. Mkasi nimeufunga katika kitambaa cha kijivu kilichobaki na kuuweka juu ya meza, upande wako. Ukiutaka ni wako, usipoutaka uniambie mwenyewe kwa mdomo wako, tusitumane tena.

Mama anakusalimu na kukuombea. Hajui lolote. Nikishaitia barua hii posta nitakaa naye nimweleze, na sijui kama sahani ya Baba nitapewa tena.

Nasimama hapa. Shikamoo yako iliitikiwa, kaka, mara mbili. Hii yangu ya leo usipoiitikia, nitajua haikukatika kwa bahati mbaya.

Wasalaam,
Mdogo wako,
niliyekufikishia neno nikaizuia maana yake.