Jicho la Kwarara wa Pickett

Kinamasi cha Pickett, Wisconsin
Jumapili, 9 Juni

Kwako Baba,

Pokea salamu kutoka nyumba uliyoiacha ikivuja, ambayo sasa haivuji. Mimi ni mzima, na natumaini goti lako limeanza kukutii tangu lilipopasuliwa. Mama amenieleza kwamba unafika kwenye sanduku la barua bila fimbo. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Huku mvua zimekatika na bata wamekwisha kutotoa.

Habari kubwa ni ya kwarara, ndege wetu wa mdomo mrefu uliopinda. Tarehe kumi na moja Mei, asubuhi, Bi Wanda Oleszek alimwona mmoja akidonoa tope nyuma ya matete, karibu na lango la maji. Mimi nilikuwa hatua thelathini kutoka kwake, nikipiga picha. Wewe unajua kwamba tuna kwarara wa aina mbili wanaofanana kabisa, na kwamba wakiwa bado wachanga kama huyu, kinachowatenganisha ni jicho: mmoja analo jeusi, mwenzake jekundu. Yule wa jicho jeusi amekwisha kuandikwa katika daftari la klabu yetu ya watazamaji ndege mara moja, na aliyemwona ni mimi. Yule wa jicho jekundu hajapata kuandikwa hapa tangu daftari lifunguliwe. Bi Wanda alitangaza kwamba jicho lilikuwa jekundu. Ndege akaruka kabla mtu wa tatu hajafika.

Mchana ule ule, nikiwa sijatazama hata picha moja niliyopiga, niliandika kwenye ukurasa wa klabu hoja ndefu kuhusu mwanga wa mapambazuko na namna shauku inavyoweza kumpaka ndege rangi. Ilikuwa hoja nzuri. Watu kumi na tisa waliisifu.

Siku tano baadaye kamati ya kumbukumbu ilikutana: mimi katika kiti ulichoniachia, Gus Haverkamp, na mwalimu Pruitt. Kanuni unaijua, kwa kuwa uliitunga wewe: ndege mpya aliyetambuliwa na mtu mmoja, bila picha ya kumthibitisha, haandikwi mjumbe mmoja akipinga. Nilipinga. Gus akamwambia Bi Wanda, mbele ya watu, “Mama, wewe ulitolewa mtoto wa jicho mwezi wa tatu. Hilo jekundu uliloliona ni lako mwenyewe.” Bi Wanda akamjibu kwamba ndege pekee ambao Gus anawajua kwa hakika ni wale wanaokuja na viazi pembeni. Watu walicheka, lakini kura haikubadilika. Kisha akaniuliza mimi, kwa upole, kama picha zangu hazikuonyesha jicho. Nilijibu kwamba katika zote nilizowasilisha ndege alikuwa amegeuka.

“Zote ulizowasilisha,” akarudia, akakunja karatasi yake.

Tangu siku hiyo amerudisha ufunguo wa kibanda cha kuotea ndege, na wanafunzi wa Jumamosi hawana mwalimu. Pale kwenye duka la chambo wanamdhihaki. Akiingia, wanamuuliza kama leo ameona mnyama tembo huko kinamasini. Mwezi ujao anahamia Arizona kwa binti yake, ambako kwarara hao ni wengi kiasi kwamba hakuna anayewanyooshea kidole. Alichotaka ni mstari mmoja ubaki katika daftari la mahali alipotembea miaka thelathini na minane.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nilipiga picha mia nne na kumi na mbili asubuhi ile. Katika moja, kwarara amegeuza kichwa, na jicho ni jekundu waziwazi. Niliiona jioni ya siku hiyo hiyo, siku tano kabla ya kamati kuketi. Sikuifuta, maana naheshimu ushahidi. Ila sikuipeleka kwa kamati. Nimejaribu kujitetea kwa hoja kadhaa. Zote zimejengwa vizuri, na hakuna hata moja inayonisaidia.

Jana nilimpelekea Bi Wanda picha hiyo. Alikuwa akifunga vikombe kwa magazeti. Alivaa miwani, akamtazama ndege kwanza, akasema, “Huyu ana afya.” Ndipo akauliza niliiona lini. Nilimwambia.

“Kumbe mwanangu ulituletea visogo,” alisema, “uso ukauacha nyumbani.”

Nilipendekeza taarifa ya kurekebisha daftari iseme kwamba picha ilipatikana wakati wa kupanga upya kumbukumbu. Alikataa; alitaka iandikwe tarehe halisi niliyoiona picha, kwani daftari lisiposema kweli kuhusu watu, nani ataliamini kuhusu ndege. Nikapendekeza basi jina langu lisitajwe kama mpiga picha. Hapo alicheka kwa mara ya kwanza. Alisema nataka hata adhabu yangu niichague mwenyewe. “Sasa tuandike picha imepigwa na nani? Na kwarara?”

Taarifa itasomwa Alhamisi, pamoja na barua yangu ya kujiuzulu. Mwonaji ni Wanda Oleszek, tarehe kumi na moja Mei. Mpiga picha ni mimi, na tarehe niliyoliona jicho pichani ni hiyo hiyo. Rafiki zako watakupigia simu kabla wino haujakauka, nami nimeona vyema uyasikie kwangu kwanza. Nakujua: utataka kuwaambia kwamba kijana alikosea, na kila mtazamaji hukosea. Naomba usiwaambie hivyo. Sikukosea, Baba. Niliona vizuri.

Mfikishie Mama salamu zangu, na dada Britta pia, akija kuwatembelea. Nakutakia siku njema na hatua nyepesi.

Ni mimi mwanao,
Anselm Lindqvist