Bunduki ya Ildefons

Buganguzi,
29 Septemba 2024

Kaka yangu mpenzi Joackim,

Tumsifu Yesu Kristo. Mguu unaendeleaje? Renatha alipokuja kuuza dagaa wake kutoka huko Bukoba alinieleza kwamba plasta bado hawajaitoa, na kwamba unamgombeza kila anayekuletea chai isiyo na sukari. Nikacheka, nikajua unapona. Sisi hapa ni wazima wa mwili. Evelyne yuko kwake Izigo, mjukuu ameota meno mawili na anamng'ata kila mtu.

Kaka, mume wangu ana neno kwako. Anataka kununua bunduki ya kuwindia. Ameniambia, “Muulize kaka yako. Kabeba bunduki porini akilinda wanyama mpaka anastaafu, hawezi kukosa kuijua iliyo ya bei nafuu.” Angeweza kukupigia mwenyewe, maana simu ya hapa anaishika yeye. Nikamwambia acha niandike, kwa sababu nami nina langu la kuongeza, na sikutaka alisikie.

Unajua mnyauko wa migomba ulitufikia mwezi wa tano. Nilikueleza kidogo, lakini sikukueleza yote. Ildefons amekata kibanja kizima, kaka. Migomba ile aliyoipanda baba yake, tuliyoozeshewa chini yake, ameikata na kuifukia kwa mikono yake. Ukisimama mlangoni sasa unaona moja kwa moja hadi barabarani. Tumepanda maharage, lakini yeye hata hayatazami. Anakaa barazani. Nikimwita kula anasema “nakuja”, na haji. Sasa amezuka na hili la kuwinda.

Maombi ameshapeleka. Kikao cha kata ni tarehe 17 mwezi ujao, na mtendaji amesema na mke lazima asimame aulizwe mbele ya watu kama anaridhia bunduki ikae nyumbani kwake. Nikikataa nitamwaibisha. Nikikubali, moyo hautaki, na sijui hautaki nini. Ildefons hajawahi kuninyanyulia mkono. Basi nishauri: bunduki ipi, na je, niridhie?

Usiache rozari kwa sababu ya mguu. Rozari haishikwi kwa miguu.

Ni mimi mdogo wako,
Celina


Nshambya,
4 Oktoba 2024

Mdogo wangu Celina,

Milele amina. Mguu unawasha ndani ya plasta, najikuna kwa waya wa mwamvuli. Nyumbani wote wazima, isipokuwa sukari ambayo imefichwa na shemeji yako. Poleni sana kwa kibanja. Nilisikia mnyauko umewapitia, sikujua ni kiasi hicho.

Sasa mwambie mumeo, muramu wangu, hivi. Rahisi kuliko zote ni gobore, lile linalofuliwa na mafundi wa vichochoroni. Asithubutu. Hilo humlipukia mwenyewe usoni kabla halijamwona nguruwe, na likikamatwa ni jela. Raifo ni bunduki ya heshima, lakini bei yake ni ya zizi zima la ng'ombe, na risasi yake haijui kusimama. Ukimkosa ngedere, inaendelea na safari mpaka jikoni kwa mtu. Kwa mtu wa kipato chake, namchagulia shotigani ya mdomo mmoja iliyotumika. Yupo mstaafu mwenzangu, Gamaliel, anauza yake kwa kufuata utaratibu wote wa polisi, bei kama ya ng'ombe wawili wa maziwa. Aliitunza kuliko alivyomtunza mke wake, na hilo analisema mke mwenyewe.

Lakini sichagui bunduki kama anayechagua shati. Namuuliza kila anayenijia, na yeye anijibu. Atawinda mnyama gani, na wapi? Atatoka na mbwa gani? Bunduki porini bila mbwa ni fimbo ya gharama. Na risasi atanunua maboksi mangapi? Bunduki unainunua mara moja, risasi ndizo zinazokula mfuko.

Kuhusu kuridhia, mimi naona akiwinda ataamka asubuhi, atatembea, atatoka jasho. Mwanaume aliyepoteza kibanja anahitaji kazi ya mikono. Pengine moyo wako unaogopa chuma tu. Mtafutie majibu, kisha tuone.

Kaka yako,
Joackim

N.B. Msalimie Bagambaki. Sijawahi kuona mbwa mwenye akili kama yule, wala jina la kuchokoza majirani kama lile. Kumwita mbwa “Wanasemaje” kwa Kihaya, na jirani yenu Kahangwa anakaa hapo hapo ng'ambo ya mpaka wa shamba!


Buganguzi,
13 Oktoba 2024

Kaka yangu Joackim,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini mguu umepata nafuu na sukari imepatikana. Mimi leo nakuandikia nikiwa na furaha, na namshukuru Mama Maria kwa sababu nadhani amenisikia.

Ildefons amebadilika! Jumamosi iliyopita alikwenda kuungama. Kaka, tangu Evelyne apate kipaimara hakuwa amepiga magoti mbele ya padri. Alirudi akanywa uji wote na kuomba mwingine. Sasa anapiga mluzi. Amerekebisha mlango wa stoo uliokuwa unanichania gauni, ameniwekea kuni za kunitosha hata mvua zikichelewa kuisha. Koti lake la harusi amempa mume wa Evelyne, anasema mwili wake umeshalikataa. Wenzangu wa jumuiya wananiuliza nilisali novena gani.

Na kubwa kuliko yote, amepatana na Kahangwa. Unakumbuka ugomvi wa mpaka, hawakusalimiana hata msibani. Jumatano alivuka mwenyewe, akiwa na Bagambaki, akamkabidhi mbwa pamoja na njuga zake. Wakakaa, wakanywa rubisi. Kesho yake Kahangwa akaja kuniuliza kwa sauti ya chini, “Mama Evelyne, mzee amelewa au ameokoka?” Nikamwambia ameokoka.

Haya, majibu ya maswali yako. Nilimuuliza atawinda nini, akasema chochote. Nikamwambia nguruwe pori hatujamwona mwaka mzima, na ngedere hawaji tena, watakuja kula nini kwenye maharage? Akasema, “Hao hao.” Wapi, akasema hapa hapa nyumbani. Mbwa ndiyo hivyo, hana tena. Na risasi amesema maboksi ya nini, chache tu zinatosha. Shotigani ya Gamaliel ameipenda, anauliza tu kama inaweza kupatikana mapema.

Kwa hiyo Alhamisi nitasimama niseme naridhia. Umesema vizuri, nilikuwa naogopa chuma tu. Akiwa na furaha hivi, nani mimi nimnyime?

Mdogo wako mwenye shukrani,
Celina


Nshambya,
16 Oktoba 2024

Celina,

Salamu nitakupa siku nyingine. Isome hii ukiwa peke yako.

Usiridhie.

Barua yako nimeipata leo. Niliisoma nikamcheka Kahangwa. Nikairudia, chai ikapoa. Celina, mwindaji haanzi kununua bunduki kwa kumgawa mbwa wake. Bagambaki ni mbwa aliyemlea kwa kumtafunia nyama. Mtu asiye na mbwa, asiye na mnyama, asiyetaka boksi la risasi, anayetaka bunduki mapema na “hapa hapa nyumbani”, huyo hawindi.

Kambini kwetu alikuwepo mwenzetu aliyekaa kimya miezi. Siku moja akachangamka. Akamgawia huyu viatu, yule blanketi, akaipatanisha kambi nzima. Tukafurahi, tukasema amepona. Jumapili yake tukamzika. Uchangamfu ule ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuamua.

Kuungama kwake usikudharau. Mungu amemsikia, hilo naliamini. Ila nadhani alikuwa anaaga.

Fanya hivi. Usimwache peke yake hata kidogo, mwite na Kahangwa akusaidie. Dawa za kupulizia kahawa zilizomo stoo zitoke kwako leo. Kisha muulize kwa maneno yenyewe, “Ildefons, unataka kujiua?” Usizunguke. Nilimpigia daktari wa akili aliyepo hapa mjini, amesema kumuuliza hakumpi wazo ambalo hana, na kama analo, kunampa pa kulitua. Akasema mlete.

Ningekuja mwenyewe, ila mguu huu haupandi gari. Kupiga siwezi, simu ataipokea yeye. Renatha anakuletea barua hii kwa gari la kwanza kesho, nimemwambia asisimame kuuza hata dagaa mmoja kabla hajakuona.

Nilikushauri vibaya. Nisikilize sasa.

Kaka yako,
Joackim


Buganguzi,
20 Oktoba 2024

Kaka yangu Joackim,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, na Ildefons ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu najua umelitafuta kabla ya kitu kingine.

Renatha alinikuta tumeshakaa nje ya ofisi ya kata. Alinishika mkono akaniambia kwa nguvu, ili watu wasikie, “Njoo uchague dagaa wako!” Barua nikaisoma nyuma ya ofisi, ukutani. Nilikuwa sijamaliza vizuri nikasikia naitwa.

Mtendaji akauliza, “Mama, mzee wako anaomba bunduki ya kuwindia. Unaridhia?”

Nikasema, “Siridhii.”

“Kuna sababu?”

“Mimi ni mke wake. Siridhii.”

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, “Kumbe silaha ya nyumba hiyo ni mama mwenyewe!” Ildefons hakucheka wala hakuniangalia. Alichukua kofia yake akaondoka, nami nikamfuata mbio na kandambili mkononi. Njia nzima alikuwa mbele yangu, na kila alipokata kona nilisema Salamu Maria mpaka nimwone tena.

Alisimama kwenye kibanja, penye kaburi la baba yake. Nikamuuliza kama ulivyoniambia. Neno lilikataa kutoka, nikalilazimisha.

Akasema, “Nani amekuambia?”

“Mbwa ndiye ameniambia. Mwindaji gani anagawa mbwa?”

Akaketi chini kwenye maharage. Kaka, sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika mama yake. Akasema, “Bwana shamba alisema panga tulipitishe kwenye moto kila tukitoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Nikamjibu moto ni wa kupikia. Mimi ndiye niliyeutembeza mnyauko, Celina, shina kwa shina. Baba aliniachia kibanja, nami namwachia mjukuu nini? Hata pa kunizika hapana kivuli.”

Mimi sikusoma sana, maneno ya kitabu sina. Nikamwambia, “Mimi nakutaka wewe. Ndizi tutanunua sokoni.”

Akainua uso. “Mhaya anunue ndizi sokoni?”

“Tutakwenda soko la mbali, wasituone.”

Akacheka huku analia, nami hivyo hivyo, na ndivyo Kahangwa alivyotukuta. Nilikuwa nimemtuma Renatha amwite. Alikuja na Bagambaki, akasema, “Mzee, umenipa mbwa asiyenisikia. Nikimwita anageuka kuangalia kwako. Mchukue.” Kisha akachukua dawa za kahawa kutoka stoo, akaenda nazo kwake bila kuuliza. Tangu siku hiyo analala barazani kwetu, na anakoroma, lakini sithubutu kulalamika.

Usidhani yamekwisha. Jana hakula. Leo baada ya Misa nilimkuta amesimama tu mlangoni, anaangalia barabara pale palipokuwa na migomba. Nikamuuliza tena, akajibu, “Bado lipo, lakini nimelisema.” Amekubali kuonana na huyo daktari. Kesho asubuhi atapanda gari kuja kwako, Kahangwa anamsindikiza, na mbwa pia, kama kondakta ataelewa.

Barua hii ataibeba Ildefons mwenyewe. Sikuifunga. Nimemwambia yote niliyoyaandika humu, na akitaka aisome njiani.

Kwa hiyo kaka, kama iko mkononi mwako, amefika. Yuko mbele yako. Mwambie akae, umpe chai, na shemeji asifiche sukari.

Mimi nitabaki hapa peke yangu, na simu ataniachia. Lakini simu sitaiamini, kwenye simu mtu anaweza kusema “mzima” na asiwe mzima. Niandikie wewe, kwa mkono wako, umemwonaje. Nijibu upesi, nakuomba.

Mdogo wako,
Celina