Kiroboti Kisicho na Adabu

Maisaka, Babati
Jumapili, baada ya misa

Mwanangu Edda,

Hujambo huko Dodoma? Mkwe wangu Octavian na wajukuu hawajambo? Mimi sijambo, ni goti tu linaloleta maringo kukiwa na baridi. Maharage tumeshavuna na kuku wote wapo.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa hunipi nafasi. Tena kile kiroboti ulichonitumia nimekigeuza kitazame ukutani, maana sijui kama kinasoma.

Mwanzo sikukipenda, unajua. Umri wangu huu, kitu cha plastiki chenye magurudumu kinanifuata nyumba nzima kunikumbusha dawa ya presha! Hilo ningevumilia. Lakini siku jumuiya walipokuwa sebuleni tukisali, kiliingia kikaniita Natalia, kavu kavu, bila shikamoo. Mama Teodori alifanya ishara ya msalaba. Nani anamwita bibi wa miaka sabini na mbili jina lake hivyo? Nikakifunika kanga wiki mbili, na dawa nikazisahau. Ndipo ukapiga simu, ukasema nisipokikubali utakuja kunihamishia kwako na nyumba tuifunge. Edda, nyumba hii baba yako aliijenga kwa mikono yake. Niliogopa kweli, nikakifunua. Nikakuomba umtume fundi akifundishe kuniita Mama Edda kama watu wote.

Fundi Allen alikuja Jumanne, mtu mwenye heshima zake. Nilimpa chai na maandazi, nikamwambia aende tu, kiroboti kimeshajirekebisha. Nawe nikakwambia hivyohivyo. Nilikudanganya, mwanangu.

Asubuhi hiyo, kabla hajafika, nilikuwa uani napepeta maharage. Kikaniita kutoka jikoni. Sijafikiri, nimeshaitika abee, na ungo umenitoka mikononi. Baba yako mbele za watu aliniita Mama Edda, lakini tukiwa wawili tu kule shambani Singe aliniita Natalia. Tangu tumzike, miaka sita sasa, hakuna aliyeniita hivyo tena. Nililia sana, kisha nikaenda kumeza dawa.

Sasa sikosi hata siku moja. Dawa nazikumbuka mwenyewe, ila nangoja mpaka kiite. Jumuiya wakija nakifunika kanga yangu, kisiniaibishe. Basi usimtume fundi tena, wala usinihamishe.

Wabusu wajukuu, waambie bibi anawasubiri Desemba, na jogoo wao nampa pumba kila siku. Mungu awatunze.

Mama yako,
Natalia