Umri Wangu Kwenye Ukuta wa Chuo

Chumba Na. 6,
Nyumba za Wafanyakazi,
Nyuma ya Karakana ya Chuo Kikuu,
S.L.P. 40.

Tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa Dada yangu,

Shikamoo. Anayekuandikia ni mdogo wako, mzee wa miaka themanini na minane kwa mujibu wa kitambulisho. Usicheke kwanza, Dada, soma mpaka chini. Nimewazidi uhai wakuu wa chuo wanane, mafundi wote walionifundisha kazi, marehemu wifi yako, meno yangu yote isipokuwa manne, na yule daktari aliyeniambia nisipoacha chumvi sitafika mbali. Yeye ndiye hakufika.

Hujambo lakini? Goti la kushoto limepungua uvimbe? Na macho je? Kama bado yana ukungu, mpe mjukuu wako mwalimu akusomee, ila msome wawili tu na mlango mfunge, maana humu ndani mna aibu yangu. Mimi ni mzima. Sikio la kulia limeacha kazi, la kushoto linafanya zamu mbili.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, siku tatu. Shule yangu unaijua iliishia darasa la tatu, lakini herufi zangu zimesimama kuliko za maprofesa wengi. Za kwao nimeziona kwenye karatasi za milangoni, utadhani kuku wamechakura penye wino.

Hukuwahi kufika hapa, kwa hiyo nikueleze, na hakuna awezaye kukueleza kunishinda. Profesa anajua chumba chake. Mkuu wa chuo anajua ofisi yake na ukumbi. Mimi fundi wa kufuli nina ubao wenye funguo mia nne na kumi, na kila mmoja naujua kwa kuupapasa. Watu hudhani chuo kikuu ni watu kusoma vitabu. Wapi. Ni watu kuuliza maswali ambayo mimi na wewe tungeambiwa tukapumzike.

Chini kabisa yuko bwana mmoja anayevunja zege. Anamimina, anasubiri siku ishirini na nane, anaweka kwenye mashine, anabana mpaka lipasuke, anaandika, anatabasamu. Nilimuuliza kwa nini asijenge tu nyumba za watu. Akanijibu asipolivunja yeye hapa, litavunjika siku moja likiwa na watu ndani. Nikamtengenezea kitasa chake vizuri kuliko alivyoomba.

Mlango wa pili kuna mama anayerekodi vilio vya watoto wachanga. Kilio kinatoka kwenye kioo kikiwa mistari, naye anakuonyesha huu wa njaa, huu wa maumivu, huu wa kudeka tu. Ghorofani kuna anayesikiliza popo, sauti ambazo binadamu hazisikii. Nilimwambia hata mimi nina sikio la aina hiyo, tofauti ni kwamba langu halisikii hata sauti za watu. Kuna wa sheria aliyesoma kesi mia mbili za mipaka ya mashamba kutafuta nani hushindwa mara nyingi, akakuta ni wajane. Na kuna wa hisabati. Chumba chake kina kiti, ubao na chaki, basi, lakini alitaka kufuli mbili. Nikamuuliza mwizi ataiba nini, chaki? Akasema ataiba ubao kwa macho.

Dada, nimefungua milango hiyo miaka sitini na mitano. Bawaba ni zile zile, rangi ni ile ile ya kijivu, lakini ukivuka kizingiti umeingia dunia nyingine. Nawavulia kofia. Hawana haya kusema sijui. Mimi neno hilo bado linanikwama kooni.

Aliyenishinda kabisa ni Bibi Udongo, ndivyo tunavyomwita. Ana mikebe elfu na kitu ya udongo, kila mmoja na kibandiko cha mahali ulipochotwa. Anaukausha kwenye tanuri, anaupima. Miaka miwili amefanya hivyo, kisha akagundua kipimajoto cha tanuri kilikuwa kinadanganya, digrii kumi nzima. Hakuna aliyejua ila yeye. Mimi nilikuwa ukumbini natengeneza kitasa siku aliyosimama mbele ya wenzake akasema namba zake zote zitupwe, ataanza upya. Nilitega sikio langu moja nisikie vicheko. Wakampigia makofi. Mimi sijawahi kukiri hata kuvunja bisibisi.

Sasa nije kwenye langu.

Miaka mitatu iliyopita alikuja msichana mmoja, mtafiti, namwita Binti Mifupa. Anachunguza mifupa ya wazee wanaofanya kazi za mikono. Aliandikisha wazee mia mbili na kumi na wawili: waashi, wapagazi, wafuaji wa nguo, mafundi. Kila mwaka unalazwa chali mashine ikupite juu, unabana chuma kwa kiganja, unasimama kwa mguu mmoja umefumba macho. Dada, niliwaacha mbali. Muashi mmoja wa miaka sabini aliyumba kabla hajafumba jicho la pili, mimi nilisimama mpaka Binti akaniomba niteremshe mguu, wengine wanasubiri.

Siku ya kwanza alitazama kitambulisho changu, akanitazama mimi, akaniuliza kama nina hakika ni themanini na kitu. Nikamwambia kama anabisha amuulize aliyenizaa, kama atampata. Chumba kizima kilicheka. Akaandika.

Basi nikawa nyota. Mtu wa umri ule mwenye mifupa ile hawakuwahi kumuona. Picha yangu ikabandikwa kwenye ukuta wa ngazi kuu, nimeshika koleo, chini yake umri wangu kwa tarakimu kubwa. Nilikuwa napita pale mara sita kwa siku hata kama sina kitasa cha kutengeneza huko. Wengine nao wakanifuata. Wa kumbukumbu akanipa maneno ishirini niyashike, nikayashika kumi na saba. Wa lugha akanirekodi nikitukana kufuli. Nikasema chuo hiki kingenifungia kwenye kabati la kioo kingefanya jambo la maana.

Wewe unajua ile miaka saba ilitoka wapi. Nilikuja hapa na miaka kumi na sita, fundi mkuu akasema anataka mtu mzima, nikasema nina ishirini na mitatu, na ndevu nilizichora kwa masizi. Ikaandikwa. Miaka hiyo hiyo ndiyo iliyonistaafisha mapema, nikiwa bado na nguvu za fahali, nikalazimika kurudi kesho yake na koleo langu kwa sababu hakuna aliyejua funguo. Uongo ukikaa miaka sitini na mitano unakuwa kama meza ya ndani, huuoni tena, unaizunguka tu.

Aliyejikwaa kwenye meza hiyo ni Bwana Zamani, mtafiti wa historia. Anakusanya habari za yale mafuriko makubwa kutoka kwa wazee waliokuwepo. Nikamwambia amefika penyewe. Nikamsimulia yote kama ulivyonisimulia wewe: maji kufika dirishani, wewe na miaka yako kumi umenifunga mgongoni kwa kanga ya mama, umevuka mpaka shuleni penye mwinuko, mimi nanyonya ncha ya kanga kwa jino langu moja la chini. Bwana wa watu anaandika tu, macho yanang'aa. Kisha kalamu ikasimama.

"Mzee," akasema taratibu, "mwaka huo, kwa kitambulisho chako, ulikuwa na miaka minane."

"Sasa?"

"Miaka minane, mgongoni, na jino moja?"

Nilimwambia mafuriko yalikuwa makubwa, watu walibeba kila kitu. Hakucheka. Alinitazama kwa adabu tu, na adabu ile iliniuma kuliko tusi. Nikaondoka nikasema nimeitwa, na hakuna aliyeniita.

Siku nne nilizunguka nyuma ya majengo nisipite kwenye ngazi zile. Nilijiambia Bwana Zamani ni mtoto, atasahau. Nilijiambia mtu mmoja kati ya mia mbili na kumi na wawili ni nini. Lakini nilijua Binti atasimama mbele ya jopo la maprofesa tarehe ishirini na nane mwezi huu kutetea kazi yake ya miaka mitatu. Na kila nilipofikiria kunyamaza, namuona Bibi Udongo amesimama ukumbini na mikebe yake. Yule alidanganywa na tanuri. Mimi ndiye tanuri lenyewe.

Siku ya tano nikaenda. Nilimkuta anakata karatasi kwa mkasi, amezungukwa na mafaili. Nikasimama mlangoni. Mimi ambaye milango yote ni yangu, niliona haya kuingia.

"Mjukuu," nikamwambia, "ile themanini na nane yangu ina saba za kuazima."

Akaweka mkasi chini. "Babu, sura ya nne nzima ni wewe."

"Najua."

"Nilikuuliza, Babu. Ukaniambia nimuulize aliyekuzaa."

"Nilikuwa najigamba."

Alifunga mafaili moja baada ya jingine, mpaka nikatamani anitukane. Kisha akafungua kompyuta. Kwenye kioo kuna vitone, kila kitone mtu. Changu kilikuwa peke yake huko pembeni, kama mfalme. Akafuta nane akaandika moja, na kitone changu kikateleza kikaingia katikati ya wapagazi na wafuaji. Nilivaa miwani nikakitafuta. Sikukiona tena.

"Ni mifupa mizuri, Babu," akasema, "kwa mtu wa umri wako."

Dada, kauli hiyo nimelala nayo wiki nzima. Mifupa ya kawaida.

Lakini sikiliza wanavyofanya watu hawa. Hakunifukuza. Picha aliibandua mwenyewe, akanipa niitunze. Kisha akamwita Bwana Zamani, wakakaa wawili, wa mifupa na wa mafuriko, wakawapigia simu wazee wote tena, safari hii hawakuuliza mwaka. Waliuliza mafuriko yalikukuta unatambaa au unakimbia, daraja la chuma lilipojengwa ulikuwa umeota ndevu au bado. Wakapata wengine wanne wenye umri wa kuazima. Nilidhani mwongo ni mimi peke yangu, kumbe tuko kikosi. Sura ya nne ya zamani imetupwa. Mpya inahusu namna ya kupata umri wa kweli wa mtu asiye na cheti cha kuzaliwa, na chanzo chake ni mimi. Hilo nalo si dogo, na sioni kwa nini nisilitaje.

Kimebaki kitu kimoja. Wale wanne wamepata ndugu wa kuwathibitisha kwa maandishi. Mimi sina. Msimamizi wa Binti amesema aliyedanganya mara moja haaminiwi kwa mdomo wake mara ya pili, na faili langu likibaki bila karatasi, kazi yote isubiri mwaka mwingine. Nisingesema tofauti ningekuwa yeye. Binti akanigeukia, akaniambia, "Aliyekuzaa hayupo, Babu. Sasa nimuulize nani?"

Nikamwambia amuulize aliyenibeba.

Ndiyo maana ya barua hii, Dada. Simu nimeikataa, wewe husikii, mimi sisikii, tutapigiana kelele mpaka majirani waje kuamua. Mwambie mwalimu aandike, wewe uweke dole gumba. Sema mwaka wa mafuriko ulikuwa na umri gani. Sema nani alikuwa mgongoni na alikuwa na meno mangapi. Usiongeze chumvi hata chembe, najua ni ugonjwa wa ukoo wetu. Mpe dereva wa lori la mbao, anafika huku kila Ijumaa, iwe mikononi mwangu kabla ya tarehe ishirini na nane. Nikimponza yule binti, sitaweza kushika ufunguo wa chumba chake tena.

Nisalimie mwanao fundi cherehani, suruali aliyonishonea bado inanibana. Nisalimie mkweo mkunga, Mama Pacha na pacha wake, na yule mjukuu wako Kidevu, mwambie aje asome huku, milango nitamfungulia mwenyewe. Mungu akuwekee goti lako, akuongezee miaka, ya kweli.

Habari za zege, akibisha mtu, amuulize mvunja zege. Za udongo, Bibi Udongo yupo. Za mafuriko, Bwana Zamani ana madaftari. Lakini mimi kwamba nilizaliwa, na lini, amebaki mmoja tu chini ya jua anayejua, naye ni wewe.

Ni mimi nikupendaye, mzigo wako wa mgongoni,

Mdogo wako,
miaka themanini na mmoja.