Mung'aro Chonga, Aliyedaka Kamba ya Kwanza

Mwaka umeshatimia, baba, tangu asubuhi ile ulipoanguka mlangoni mwa bafu hapa Majengo, taulo likiwa begani. Tulikuzika, tukakulilia, lakini kuna jambo lako moja mpaka leo hatujalielewa. Tunaliandika hapa, na anayejua zaidi yetu atuambie.

Miaka ishirini na sita ulikuwa mfunga meli pale Kilindini. Mabaharia wakirusha kamba nyembamba, wewe unaidaka, unavuta mpaka ile nene ifike, unaivisha kwenye nguzo ya chuma gatini. Mikono hiyohiyo ndiyo iliyonisuka nywele mimi, binti yako Nyevu, mama alipokuwa sokoni Makupa akiuza viazi. Ulisuka vibaya, baba, misuko minene kama kamba zako, na shule nilikwenda hivyohivyo.

Chai uliinywa umesimama. Mtu akikuuliza kama umechoka, unamuuliza na yeye.

Na wafunga meli mna desturi yenu: aliyefunga kamba ya kwanza ndiye huifungua meli ikiondoka. Hukuivunja hata ukiwa na homa.

Mwaka jana, wiki tano kabla hujatutoka, iliingia ile manowari ya Kijapani, ya kijivu, yenye makombora, inayolinda meli dhidi ya maharamia huko Ghuba ya Aden. Uliifunga Jumatano. Ilikuwa iondoke Ijumaa, na Jumamosi watu wa Tony, mchumba wangu, walete mahari yangu. Safari ikasogezwa hadi Jumamosi asubuhi. Ukamwambia mama unakwenda mara moja tu, utarudi wageni hawajavua viatu. Kumbe rubani wa kuitoa meli bandarini alichelewa, kulikuwa na meli za mizigo mbele, na wewe ukangoja gatini mpaka alasiri.

Wageni nao walingoja. Kwetu Wagiriama binti humkabidhi babake kibuyu cha mnazi, tembo la mahari, na baba akionja, amekubali. Nilisimama na kibuyu mpaka mkono ukafa ganzi. Mwisho baba mdogo Kiti akasema mnazi utachacha na aibu itakuwa yetu, akanywa yeye. Mzee mmoja wa upande wa Tony akauliza kama bibi harusi ana baba au amezaliwa na meli. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Ulipofika, shati limejaa grisi, nilikuwa nimeshakwenda Liwatoni na mume wangu, anakotengeneza mashua za wavuvi. Ulipiga simu kila Jumapili, mara tano. Kila mara nilimpa Tony aongee yeye. Ulimuuliza neno moja tu, "Anakula?" Simu ya sita alipiga mama.

Wakati wa matanga, Odera, mwenzako wa kazi, alituletea vitu vyako: glavu, redio, na daftari. Tulidhani ni la zamu. Kumbe ni habari za ile manowari, kila ukurasa umepigwa mstari katikati. Kushoto meli, kulia mimi.

Kushoto: "Imeshushwa majini." Kulia: "Nyevu kazaliwa." Wiki ileile moja.

"Imeanza kazi jeshini." "Nyevu anakimbia."

"Imetumwa Aden, kulinda meli za watu." "Nyevu darasa la kwanza. Amelia mpaka saa nne."

"Imekuja Mombasa. Kamba ya kwanza mimi." "Nyevu ana surua. Amepona."

"Imerudi kwao, imeingia karakana, inawekewa rada mpya." "Nyevu kamaliza la nane. Ada ya sekondari nimeshindwa."

Odera alitueleza kwamba mara ile ya kwanza baharia mmoja alikuonyesha picha ya siku meli iliposhushwa majini, ukaisoma tarehe, ni wiki niliyozaliwa mimi. Tangu hapo wenzako wakakutania, "Mung'aro, binti yako huyo anaingia." Nawe unajibu, "Mpisheni, ametoka mbali." Habari zake nyingine za huko, Odera ndiye aliyekutafutia kwenye simu.

Sasa baba, hapa ndipo tunapochanganyikiwa. Mama anasema ulikwenda kwa sababu ya mimi, uliogopa mtu mwingine akiifungua meli yangu siku yangu, jambo litaharibika. Baba mdogo Kiti anasema huo ni ukaidi wa gatini, tusikupambe. Odera anasema siku hiyo uliitazama saa yako mpaka wenzako wakakuvua mkononi. Leo namwamini mama, kesho namwamini Kiti. Kama ulikuwa unanifikiria, mbona hukuwapo? Na kama hukunifikiria, daftari hili ni la nini?

Mstari wa mwisho ni wa Jumamosi ile. Kushoto: "Imeondoka saa tisa na nusu. Nimeifungua mimi. Salama." Kulia umeandika "Nyevu", basi. Nafasi iliyobaki iko tupu. Ulikaa nayo wiki tano, ukingoja nini sijui, labda ulingoja mimi nishike simu.

Mwezi uliopita ilirudi. Nilikwenda ufukweni Mama Ngina nikaiona ikipita, namba yake nyeupe ubavuni. Sikujua niipungie mkono au niigeuzie mgongo. Odera ndiye aliyedaka kamba.

Niliporudi nyumbani nilichukua kalamu, nikamalizia pale ulipoachia. Sasa panasomeka: "Nyevu amefika kwa mumewe salama. Anakula."

Jumamosi hii tunakutana Majengo. Kibuyu nitakishika mimi, nikumwagie mnazi kizingitini. Sijui kama ulikubali, baba. Onja tu.

Unakumbukwa na mkeo Mirriam, binti yako Nyevu na mkweo Tony, ndugu yako Kiti, na Odera pamoja na wafunga meli wote wa zamu yako.

Meli zitakuja na kuondoka, baba. Wewe hutatoka mioyoni mwetu.